Maji Yanayotoka Kapilarini Hurudi kwa Njia Gani?

Ndugu wanafunzi, tuanze na hesabu ubaoni. Damu ikiingia kapilari, yaani mshipa mwembamba kabisa wa damu, kutoka upande wa ateri (mshipa unaoleta damu kutoka moyoni), huusukuma ukuta kwa shinikizo la takriban milimita 35 za zebaki. Ikifika upande wa veni (mshipa unaorudisha damu moyoni), limeshuka hadi kama 15. Protini za plazma, yaani majimaji ya damu, hasa albumini, huyavuta maji yabaki ndani kwa nguvu ya kama 25 njia nzima. Basi mwanzoni maji yanasukumwa nje kwa 10, na mwishoni, kwa hesabu hii, yanavutwa ndani kwa 10.

Msingi wake ni kazi ya mwanafiziolojia Ernest Starling, London, mwaka 1896. Nusu ya kwanza, ya maji kutoka, ishikeni. Ya pili, ya maji kurudi mwishoni mwa kapilari, inapotosha. Uso wa ndani wa kapilari umetandikwa utando laini wa sukari na protini, glaikokaliksi, na mvuto wa albumini hufanya kazi kati ya plazma na maji machache yaliyo chini tu ya utando huo, ambayo yana protini kidogo. Shinikizo la damu likishuka, protini hujikusanya hapo na mvuto hupungua. Kwa hiyo katika tishu nyingi, hali ikiwa tulivu, maji huvuja kidogo kidogo mpaka mwisho wa kapilari. Figo na utumbo ni tofauti, maana vimeumbwa kufyonza. Kwingineko, mrudishaji mkuu ni limfu, yaani mishipa inayokusanya maji ya tishu na kuyarudisha kwenye damu.

Tazameni matende, ugonjwa unaojulikana sana pwani yetu. Minyoo ya filaria huishi ndani ya mishipa ya limfu na kuiharibu. Shinikizo la kapilari ni la kawaida, albumini haijapungua, na bado mguu unavimba! Protini iliyovuja haina njia ya kurudi. Hubaki na maji yake, na tishu hukakamaa. Mwanzoni ukibonyeza kidole huacha shimo, baadaye hakiachi.

Dawa ya kuongeza mkojo haimsaidii mgonjwa huyu, kwa sababu hupunguza maji na kuacha protini palepale. Kabla ya kuiandika, tazameni veni za shingo kuona kama chanzo ni moyo, pimeni protini kwenye mkojo kuona kama ni figo, kisha jaribuni kufinya ngozi ya juu, penye shina la kidole cha pili cha mguu. Isipofinyika, shukuni limfu. Mfundisheni mgonjwa kuosha mguu kwa sabuni kila siku, kukausha vizuri katikati ya vidole, na kuuinua anapoketi.