Kipoza Oili na Filta: Pima Joto Kabla ya Kununua

BARAKA: Karibuni tena. Leo tunafungua boneti: kipoza oili, yaani rejeta ndogo ya kupoza oili ya injini, na filta za oili za magari ya mwendo. Dada Rehema, tuanze na mwenye Subaru ya tabo anayetaka kipoza kwa sababu rafiki yake amefunga.

REHEMA: Huyo anunue geji ya joto la oili kwanza. Mshale wa maji kwenye dashibodi hausemi lolote kuhusu oili. Maji yanaweza kutulia nyuzi 90 huku oili iko 125. Ukiibana gari na oili inabaki kati ya 90 na 110, kipoza cha nini? Ikivuka 120 kila mara, hapo tuongee. Kuanzia 130 oili inakuwa nyepesi mno, presha inashuka, na wa kwanza kuumia ni beringi za krenki.

BARAKA: Lakini kaka zetu wa foleni ya Mandela wanalalamika gari inachemka.

REHEMA: Inachemka maji. Oili inapata moto injini ikizunguka juu kwa muda mrefu na mzigo, mfano kupandisha mlima Kitonga kwa gia nzito, au kwenye mashindano. Halafu kipoza kinataka upepo. Gari imesimama Ubungo, upepo huo unatoka wapi? Kama tatizo ni foleni, angalia rejeta, feni na mfuniko wa rejeta.

BARAKA: Sasa tuseme geji imeshasema 125. Mafundi wengi watamwambia asinunue themostati, ile valvu inayofungua njia ya kipoza oili ikipata moto, eti Dar hakuna baridi.

REHEMA: Hapo ndipo ninapogombana nao. Hewa ya nyuzi 32 kwa oili inayotakiwa kufika 90 bado ni baridi! Fikiria mtu anatoka Masaki hadi Mikocheni, dakika 15, kipoza kinafanya kazi tangu anawasha. Oili haipati moto wa kutosha kutoa maji na petroli iliyoingia. Baada ya muda unafungua mfuniko wa oili unakuta utandu wa rangi ya maziwa. Nunua pleti ya sandwichi yenye themostati inayofungua karibu nyuzi 80. Ikiwa imefunga bado inapitisha oili kidogo, kwa hiyo kipoza hakibaki kikavu.

BARAKA: Na pleti hiyo inakaa kati ya injini na filta.

REHEMA: Ndiyo, na inaisogeza filta nje kwa sentimita 3 au zaidi. Kwenye injini ya Subaru EJ20 filta imezungukwa na manifodi ya eksozi, kwa hiyo pima nafasi kabla ya kulipia. Safisha uso wa bloku, hakikisha oringi imekaa kwenye mfereji wake, paka oili, kisha kaza boliti ya katikati kwa toki spana, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha mtengenezaji. Ikilegea, siku unafungua filta itatoka nayo pleti nzima.

BARAKA: Niongeze: pleti nyingi zina matundu ya kufungia sensa za joto na presha. Tazama thredi, yaani meno ya skrubu. Marekani wanatumia aina ya NPT ya 1/8, geji nyingi za Kijapani ni PT ya 1/8. Moja ina meno 27 kwa inchi, nyingine 28. Inaingia mizunguko miwili, inakaza, fundi anaongeza nguvu, pleti ya alumini inapasuka.

REHEMA: Au oili inavuja polepole, inadondokea eksozi ya moto mpaka uone moshi.

BARAKA: Kipoza chenyewe kiwe na ukubwa gani?

REHEMA: Kwa injini ya lita 2 yenye tabo, safu 19 zinatosha wengi, na mipira ya AN-10, namba inayotaja unene wa mpira. Usitumie mipira myembamba kuliko hiyo, presha itapungua. Kikubwa zaidi si bora, na kikiziba kondensa ya AC utajuta mwezi Januari. Kikae mahali penye upepo wa mbele na hewa iwe na njia ya kutokea nyuma. Kifunge kwa raba, kisiguse chuma moja kwa moja. Mtikisiko hupasua kona zake. Midomo itazame juu au pembeni. Ikitazama chini hewa inanaswa.

BARAKA: Mipira yenye wavu wa chuma nje, watu wanaipenda kwa sura.

REHEMA: Wavu ule ni tupa. Ukigusa mpira wa maji au bodi, unakata. Funga klampu zenye raba kila sentimita 30 hivi, na uache ulegevu kidogo maana injini inacheza. Na kitu kimoja nisisahau: kipoza kilichotoka kwenye injini iliyokufa beringi, usikifunge. Chembe za chuma zinajificha kwenye safu na hakuna kusuuza kunakozimaliza.

BARAKA: Tuje kwenye filta. Hapa Gerezani, kwenye maduka ya vipuri, utauziwa yoyote "inayoingia".

REHEMA: Kuingia ndiyo mtego wenyewe. Toyota nyingi, injini ya 1JZ ikiwemo, zina thredi ya inchi 3/4 yenye meno 16 kwa inchi. Subaru ni M20 kwa 1.5, yaani kipenyo cha milimita 20 na milimita 1.5 kati ya meno. Inchi 3/4 ni milimita 19.05, kwa hiyo filta ya M20 inapanda kwenye nipeli ya Toyota, kile kibomba chenye thredi kinachoshika filta, inacheza kidogo, inakaza kwenye raba, gari inawaka. Asubuhi moja oili ikiwa nzito unaibana, presha inaipasua kwenye thredi, oili yote iko barabarani.

BARAKA: Kwa hiyo ukiona inatikisika kabla raba haijagusa, toa.

REHEMA: Toa, rudisha dukani. Pili, valvu ya kupitisha. Filta ikiziba au oili ikiwa nzito, valvu hufunguka ili injini isikose oili, lakini oili hiyo haijachujwa. Filta ya Subaru EJ imepangwa kufunguka kwenye presha ya karibu psi 23. Nyingi za kawaida ni 8 hadi 16. Pampu ya Subaru inasukuma oili nyingi, ukifunga ya psi 10 valvu inafunguka mara kwa mara na unazungusha uchafu. Saizi ya kopo haisemi hilo, uliza takwimu.

BARAKA: Na ile raba ya ndani inayozuia oili kurudi?

REHEMA: Silikoni inavumilia joto kuliko raba nyeusi ya kawaida, ambayo ikiiva inakuwa ngumu. Dalili ni mlio wa kugonga sekunde mbili tatu asubuhi, hasa filta ikiwa imelala.

BARAKA: Kufunga nadhani wengi wanajua: paka oili kwenye raba, ikigusa ongeza robo tatu ya mzunguko kwa mkono. Na hakikisha raba ya zamani haikubaki kwenye pleti. Raba mbili zikikutana, zitatema oili.

REHEMA: Kuwasha mara ya kwanza ndiko wanakoharibu. Toa fyuzi ya pampu ya petroli, zungusha stata sekunde 10, pumzisha, rudia mpaka taa ya presha izime. Ndipo urudishe fyuzi. Acha injini izunguke taratibu bila kukanyaga mafuta, kagua kila fitingi kwa tochi. Endesha mpaka themostati ifunguke, utagusa kipoza ukikute cha moto. Zima, subiri dakika 10, soma stiki ya oili. Kipoza na mipira hunywa nusu lita hadi lita 1, na usipoongeza, kwenye kona kali pampu itanyonya hewa.

BARAKA: Na kilomita 500 za mwanzo?

REHEMA: Badilisha filta hiyo, ikate kwa kikataji cha filta. Usitumie grainda, utajitengenezea chembe mwenyewe. Tandaza karatasi yake, pitisha sumaku. Zinazonasa ni chuma. Zinazong'aa bila kunasa ni alumini au beringi, na ukiziona nyingi usiiwashe hiyo gari, fungua sampo, lile sinia la oili chini ya injini.