Mguu Umeondoka, Kazi Imebaki kwa Mitatu

Wazee wangu shikamooni, na wengine habari za asubuhi. Asanteni kwa kuja, hasa mliokuja na mbwa. Yule Jeki aliyejilaza chini ya feni nitamhitaji baadaye, kwa hiyo naomba msimpe sambusa.

Nikishamkata mbwa mguu, mwenye mbwa huniuliza habari za kidonda. Kidonda kwa kawaida hupona, na nyuzi tunazitoa baada ya siku 10 hadi 14. Mimi siku hizi nauliza: nyumbani kwako sakafu ni ya nini?

Swali hilo nilifundishwa na aibu. Zamani nilimruhusu mbwa mmoja wa Kimara aliyegongwa na bodaboda, mguu wa mbele nimeuondoa wote. Siku ya tatu akarudishwa, kidonda kimefumuka. Sebule yao ilikuwa ya vigae, na asubuhi hiyo dada alikuwa amepiga deki. Mbwa kasikia geti linagongwa, kainuka mbio kama alivyozoea, kifua kikashuka chini pwaa! Dada wa watu alisemwa, lakini kosa lilikuwa langu. Sikuuliza.

Basi, kabla hujamchukua mbwa wako, tandika mazulia ya mpira kuanzia anapolala, yapite kwenye bakuli la maji, yafike mlangoni. Mkeka wa plastiki mtupu haufai, nao unateleza juu ya kigae. Na kucha zikatwe.

Tupige hesabu kidogo. Mbwa akisimama, kama asilimia 60 ya uzito wake inabebwa na miguu ya mbele. Mwenye kilo 30, ni kilo 18 mbele, tisa kila mguu. Ondoa mmoja wa mbele: ule uliobaki unabeba sehemu kubwa ya zile 18, na nyingine inasukumwa nyuma. Ndiyo maana aliyekatwa wa nyuma huzoea upesi, na wa mbele hutembea kwa kurukaruka, kichwa kikipanda na kushuka. Kwake kila hatua ni mruko. Ukimtembeza nusu saa kwa mkupuo mmoja unamwumiza. Mpe dakika tano tano, mara kadhaa kwa siku, kabla lami haijapata moto. Na huruma ya kumwongezea ugali na mafuta iacheni, kila kilo inayoongezeka inatua kwenye mguu ule ule.

Wiki ya kwanza tumia kanga kuukuu. Ikunje kwa urefu, ipitishe chini ya tumbo mbele ya miguu ya nyuma, shika ncha zote mbili juu ya mgongo, umsaidie tu. Usimning'inize kama kapu la sokoni! Dume acha nafasi akojoe. Aliyekatwa wa mbele, kanga inapita kifuani, na hapo angalia isisugue kidonda. Asiyeacha kujilamba, ndoo ndogo iliyokatwa kitako inamtosha shingoni.

Maumivu: dawa ni ya daktari wa mifugo peke yake. Diklofenaki na ibuprofeni za duka la dawa zinamtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo. Ukimwona anashtuka, analia, anageuka kutazama pale mguu ulipokuwa, usiseme ana wazimu. Neva zilizokatwa bado zinaweza kupiga kelele, na ipo dawa yake.

Kidonda kikifunga, mazoezi. Asimame kwenye zulia, weka viganja nyongani, msukume pole pole upande mmoja kama unayejaribu meza kama inayumba, hesabu mpaka tano, achia. Halafu kipande cha nyama puani, kipeleke mpaka begani, mpaka kiunoni, yeye anafuata kwa shingo bila kuhamisha miguu. Hapo ndipo misuli ya mgongo na tumbo inapofanya kazi. Baadaye laza mipini ya fagio chini, avuke mmoja mmoja. Mguu ukianza kutetemeka, umepitiliza, kesho punguza.

Nchi za wenzetu wana mashine za kutembezea mbwa ndani ya maji. Sisi tuna bahari. Maji yakifika nyongani, miguu inabaki na kama asilimia 38 tu ya uzito. Nendeni Kigamboni au Coco asubuhi bahari ikiwa shwari, mumtembeze kwanza kwenye mchanga mbichi ulioshindiliwa na maji, maana mchanga mkavu unamchosha bure. Kidonda kiwe kimefunga kabisa, avae koti la kuelea, na usimwachie: asiye na mguu wa mbele hulalia upande akiogelea. Mkirudi, msuuzeni chumvi.

Mtaniuliza kuhusu mguu wa bandia. Huo unahitaji kisiki kirefu, na uamuzi wake hufanywa kabla ya kisu. Tukikata kwa kawaida tunapanda hadi begani au nyongani, maana kisiki kifupi atakipigiza chini mpaka kioze.

Haya, mleteni Jeki. Aliyekaa karibu na feni aizime, na mama mwenye kanga ya bluu, naomba uniazime kwa dakika mbili, nitailipia sabuni.