Injini ya Stirling ya joto dogo: kuiunda na kuitafutia hitilafu

Mabibi na mabwana,

Mwaka 1816 mchungaji wa Kiskoti, Robert Stirling, aliomba hataza ya injini isiyochoma kitu chochote ndani ya silinda yake. Hewa ile ile iliyofungiwa humo hupashwa joto upande mmoja na kupozwa upande wa pili, na kutanuka na kusinyaa kwake ndiko kunakoisukuma na kuivuta pistoni. Injini za namna hiyo zilitegemea moto mkali, hadi mwaka 1983 Ivo Kolin wa Chuo Kikuu cha Zagreb alipoonyesha injini iliyozunguka kwa maji ya moto tu. James Senft wa Marekani aliiendeleza kazi hiyo, akafikia injini inayozunguka kwa tofauti ya nusu nyuzi joto kati ya bamba lake la chini na la juu. Ninaitaja nusu nyuzi hiyo kwa sababu inatufundisha mahali pa kutafuta hitilafu. Injini yako ya nyumbani ikigoma juu ya kikombe cha maji yanayotoa mvuke, joto halijapungua. Kuna mahali linapotea, au kazi yake inaliwa na msuguano.

Tuseme bamba la chini lina nyuzi joto 75 na la juu lina 25. Kwa kanuni ya Sadi Carnot, mhandisi wa Kifaransa, hata injini kamilifu haiwezi kugeuza kuwa kazi zaidi ya asilimia 14 hivi ya joto linaloingia, na injini tunayoiunda kwa mikono yetu hupata sehemu ndogo mno ya kiasi hicho. Ndiyo maana sikubaliani kabisa na ushauri wa kuongeza moto kila injini inapokataa kuanza.

Umbo lake ni rahisi. Mabamba mawili ya alumini yametenganishwa na ukuta wa mviringo wa plastiki, nyenzo isiyopitisha joto kwa urahisi. Kati yao kuna kihamisha-hewa, yaani kisahani chepesi cha polistairini kinachopanda na kushuka bila kugusa ukuta, kikiacha nafasi ya milimita 2 au 3 pembeni ili hewa ipite. Kikiwa juu, hewa iko chini inapata joto. Kikiwa chini, hewa iko juu inapoa. Pistoni ndogo, ambayo hufaa zaidi ikiwa ya grafiti ndani ya silinda ya kioo, hupokea mabadiliko hayo ya shinikizo na kuizungusha krankishafti, yaani mhimili wenye mikono iliyopinda, yenye gurudumu la kuhifadhi mwendo, yaani flaiwili. Kihamisha-hewa lazima kiitangulie pistoni kwa robo ya mzunguko, nyuzi 90.

Vipimo ndivyo vinavyoamua mambo mapema. Chukua chemba, yaani nafasi iliyo kati ya mabamba, ya kipenyo cha sentimita 14, ambamo kihamisha-hewa kinasafiri sentimita 1: kila safari huhamisha takriban sentimita za ujazo 154 za hewa. Kolin alitoa kanuni ya vitendo kwamba ukigawanya tofauti ya joto kwa 1100, unapata sehemu ya ujazo ambayo pistoni inaweza kuidai. Kwa tofauti ya nyuzi 50 sehemu hiyo ni kama asilimia nne na nusu, yaani sentimita za ujazo 7 tu, na silinda ya kipenyo cha sentimita 2 inazipata kwa mwendo wa sentimita 2 na kidogo. Tofauti ikishuka hadi nyuzi 20, mwendo huo unapaswa kupungua hadi chini ya sentimita 1. Pistoni yenye mwendo mrefu kupita kiasi huibana hewa kuliko uwezo wa joto wa kuirudisha, na flaiwili hugota nusu ya mzunguko kisha hurudi nyuma. Ukiiona dalili hiyo, fupisha mkono wa krankishafti kabla ya kugusa kitu kingine.

Sasa tuje kwenye uchunguzi wenyewe, nami nasisitiza kwamba kila kasoro itengwe na nyingine. Anza na uvujaji. Itenganishe pistoni na krankishafti, weka injini juu ya maji ya moto, kisha inua kihamisha-hewa kwa mkono. Pistoni inapaswa kupanda yenyewe na kubaki juu kwa muda. Ukikishusha, nayo ishuke. Ikipanda kisha ikazama mara moja, hewa inatoroka. Paka maji ya sabuni kwenye maungio, huku ukiisukuma pistoni taratibu, na mapovu yatakuonyesha mahali. Mara nyingi ni pale waya wa kihamisha-hewa unapopenya bamba la juu kupitia mrija mwembamba wa shaba, na hapo pana mtihani wa kweli: mrija ukilegea unavujisha, ukibana unakwamisha. Uchomoe waya uutazame kwenye mwanga. Mstari unaong'aa upande mmoja tu unaonyesha kwamba mrija umekaa kimshazari, na kuunyoosha huondoa msuguano bila kuongeza uvujaji. Usitie grisi hapo, wala kwenye pistoni ya grafiti, kwa maana unato wake pekee unaweza kuisimamisha injini ya aina hii.

Kisha pima msuguano. Unganisha kila kitu, lakini fungua skrubu ndogo kwenye chemba, ambayo ni vyema kuiweka tangu mwanzo, ili hewa iingie na kutoka bila kizuizi. Zungusha flaiwili kwa kidole. Ikipunguza mwendo polepole, ni salama. Ikisimama ghafla mahali pale pale kila mara, kuna kiungo kinachokwama katika pembe hiyo. Ikirudi na kubembea, upande mmoja ni mzito, nao hurekebishwa kwa kizani kidogo upande wa pili. Skrubu hiyo hiyo hutumika tena injini ikishapata joto: ifungue pistoni ikiwa katikati ya mwendo wake, kisha ifunge, ili shinikizo la ndani lilingane na la nje.

Injini inayoanza vizuri na kufa baada ya dakika chache kwa kawaida bamba lake la juu limepata joto. Barafu juu yake huthibitisha jambo hilo papo hapo.

Linabaki suala la pembe. Geuza joto, yaani weka barafu chini na uvuguvugu juu, na injini iliyopangwa sawasawa itazunguka kinyume. Ikikubali upande mmoja kwa nguvu na upande wa pili kwa shida, pembe kati ya mikono miwili ya krankishafti imepotoka kutoka nyuzi 90, na itabidi uilegeze, uipime upya, kisha uikaze.