Mwenzi Anayeendesha Nyumba Tumwiteje?

Ndugu zangu, asanteni kwa kunipa nafasi.

Kiswahili hakiulizi jinsi ya mtu kabla ya kumtaja. Amepika, amefua, amewaogesha watoto: kitenzi hakijasema kama ni mume au mke. Hata neno mwenzi halina jinsi. Lakini ukifika kwenye fomu, penye nafasi ya kazi, unakuta “mama wa nyumbani”. Hapo jinsi imeingia na kazi imetoka, maana tumeambiwa yeye ni nani na yuko wapi, hatujaambiwa anafanya nini.

Mitaani ni kubaya zaidi. Mwanamke anayeendesha nyumba huitwa “golikipa”, yaani anakaa nyumbani tu kama kipa golini. Mwanamume anayefanya kazi zilezile huitwa “marioo”, yaani analishwa tu na mwanamke, hata kama ndiye anayeamka wa kwanza na kulala wa mwisho. Hili linaniuma, kwa sababu kazi anayoibeba si ndogo. Mwaka 2018 Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kuwa kazi za matunzo zisizolipwa huchukua saa bilioni 16.4 kila siku duniani, sawa na watu bilioni 2 wakifanya kazi saa 8 bila ujira. Na tangu 2013 wanatakwimu wa kazi waliokutana Geneva walikubaliana kwamba kupika, kusafisha na kulea nyumbani kwako ni kazi, ingawa si ajira.

Tuseme nini basi? “Mtunza nyumba” wengi watadhani ni mlinzi wa jengo. “Mlezi” linafaa penye watoto, lakini si kila nyumba ina watoto. Mimi nachagua “msimamizi wa kaya”. Kaya ni watu, si kuta, na kusimamia ni kupanga, kununua, kukumbuka dawa za mgonjwa, kujua kilichobaki jikoni.

Wapo wanawake wanaoniambia: ukifuta neno mama, unaficha kwamba mzigo huu ni wetu. Hoja hiyo naiheshimu, kwa kuwa makadirio yaleyale ya 2018 yanaonyesha wanawake hubeba asilimia 76.2 ya saa hizo. Lakini fomu ina nafasi yake ya jinsi. Tukiandika jinsi pale, na kazi kwenye nafasi ya kazi, tutaweza kuhesabu wasimamizi wa kaya wangapi ni wanawake na wangapi ni wanaume.