Mwangwi Unaokosekana: Istilahi za Kukagua Chuma kwa Sauti

Ndugu wanafunzi na mafundi wenzangu, istilahi nyingi za kazi hii mtazizoea mkishashika chombo. Leo nitachambua zile chache zinazowapotosha hata wazoefu.

Tuanze na masafa, yaani idadi ya mitetemo ya sauti kwa sekunde. Sikio la binadamu huishia hezi 20,000 hivi. Sisi mara nyingi hutumia megahezi 2 hadi 5, yaani hezi milioni 2 hadi 5. Katika feleji, sauti husafiri takriban mita 5,900 kwa sekunde. Gawanya kwa megahezi 5, utapata urefu wa wimbi wa milimita 1.2 hivi. Kasoro iliyo ndogo kuliko nusu ya urefu huo ni shida kuigundua. Mtaniuliza, basi si tupandishe masafa? Tunaweza, lakini wimbi fupi hutawanywa upesi na punje za chuma, hasa chuma kilichomiminwa kwenye kalibu, na nguvu yake huishia njiani.

Jeli tunayopaka kati ya chuma na proba, kile kifaa kinachotuma sauti na kupokea mwangwi, ni ya kufukuza hewa. Sauti ikitoka kwenye chuma na kukutana na hewa, karibu yote hurudi. Lakini hewa hiyohiyo inayotukera chini ya proba ndiyo inayotufaa ndani ya ufa: bila hiyo, ufa usingetoa mwangwi.

Kina husomwa kutokana na muda. Mwangwi ukirudi baada ya mikrosekunde 10, sauti imekwenda milimita 59, kwenda na kurudi. Kasoro iko kwenye milimita 29.5.

Sasa mwangwi wa ukuta wa nyuma, yaani ule unaotoka upande wa pili wa bamba. Wengi wanauona kama mpaka wa skrini tu. Mimi nauangalia kwanza. Ufa ulioinama hurusha sauti pembeni kama kioo kilichokaa mshazari: kwenye skrini huoni kitu, ila mwangwi wa nyuma umefifia au umetoweka. Huenda jeli imekauka, huenda uso una kutu. Safisha, paka tena. Ukiendelea kukosekana, chukua proba ya pembe, inayotuma sauti kwa mshazari, ya digrii 45, 60 au 70. Kwenye weldi hii ni lazima, maana pale chuma kisiposhikana vizuri, kasoro hufuata mteremko wa kingo zilizochongwa.

Reli zina mtego wake. Ile iliyovunjika Hatfield, Uingereza, tarehe 17 Oktoba 2000, watu 4 wakafa, ilikuwa imejaa nyufa za uchovu wa chuma, yaani zile zinazotokana na kulemewa mara kwa mara. Nyufa fupi za juu zinaweza kuziba njia ya sauti, ufa mrefu ulio chini yake usionekane kabisa. Mahali kama hapo msiandike kwenye ripoti "hakuna kasoro". Andikeni "haikukaguliwa", mweke na sababu, hata kama msimamizi atanuna.