Mkono umeshatoka, habari bado haijafika
(Mhadhara uliotolewa Wete, Pemba, baada ya sala ya alasiri)

Assalaam alaykum. Mama zangu, baba zangu, na nyinyi wanafunzi mliojibanza karibu na mlango mpate kutoroka, nimekuoneni.

Naanza jikoni. Unapika chapati, kidole kikagusa kikaango. Kipi kilianza? Wengi mtasema niliumia, halafu nikaondosha mkono. Sivyo. Mkono ulitoka kwanza. Ulipokuja kusema "uwi!" kidole kilishakuwa mbali na moto. Na maumivu nayo yalikuja mara mbili: ya kwanza makali kama sindano, kisha baada ya kitambo yakaja yale ya kuwaka na kupwita, ambayo ndiyo yanayokufanya utafute maji.

Sababu ni njia. Habari ya moto husafiri kwenye mishipa ya fahamu kutoka kidoleni mpaka kwenye uti wa mgongo, hapa shingoni. Mishipa hiyo haina mwendo mmoja. Iliyo myembamba kabisa, isiyo na ganda la mafuta, huipeleka habari kwa kiasi cha mita 1 kwa sekunde, mwendo wa mtu anayekwenda sokoni bila ya haraka. Yenye ganda jembamba hufika mita 5 hadi 30. Toka ncha ya kidole hadi shingoni, kwa mtu mzima, hapafiki mbali na mita moja. Pigeni hesabu wenyewe.

Lakini hata ile ya mbio haikungoja ubongo. Mfikirieni sheha. Nyumba ikishika moto shehiani, sheha hamwandikii barua Mkuu wa Wilaya akakaa kungoja jibu. Anaita vijana, ndoo zinatoka, ripoti itafuata. Uti wa mgongo ndiye sheha wetu. Habari huingia kwa mlango wa nyuma, hupokewa na seli ya kati, nayo huipa amri seli inayotawala msuli, na amri hutoka kwa mlango wa mbele. Kinachopanda ubongoni ni ripoti tu, na wewe unakuja kujua mambo yameshakwisha. Hiyo ndiyo refleksi. Na milango hiyo si pambo langu: Mfaransa François Magendie alionesha mwaka 1822 kwamba mizizi ya nyuma ya uti hupokea hisia na ya mbele hutoa mwendo.

Sheha huyu ana akili kuliko tunavyomdhania. Mama yuko pwani kwenye mwani, kakanyaga mwiba. Mguu unanyanyuka. Lau ungenyanyuka huo tu, mama angeanguka na mzigo wake. Basi papo hapo mguu wa pili unakakamaa ubebe mwili wote, na yeye hajafikiri lolote. Tena, msuli unaokunja ukipewa amri ya kuvuta, ule unaonyoosha huambiwa uachie, la sivyo ingekuwa mivutano ya kamba ndani ya paja. Jambo hili lilichunguzwa sana na Mwingereza Charles Sherrington, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1932 pamoja na Edgar Adrian.

Sasa nipeni kijana mmoja. Wewe mwenye suruali ya skuli, njoo kaa juu ya meza, miguu ining'inie. Hapa chini ya kilegesambwa (vijana neno hili mmelitupa, mnasema "goti" basi) pana kano. Nalipiga kwa kinyundo cha mpira... Hakuna kitu.

(Ukumbi ulicheka.)

Msimcheke, hana ubovu. Anaukodolea macho mguu, kaubana. Haya, pachika vidole vya mkono huu ndani ya vya huu, vuta kama unataka kukata kamba, na utazame dirishani... Afanaleki! Kidogo aning'oe miwani.

Kinyundo kililivuta kano, kano likaunyoosha msuli wa mbele ya paja. Ndani ya msuli mna vipimo vidogo vinavyohisi kunyooshwa. Hapa hata seli ya kati haimo: iliyoleta habari inagusana moja kwa moja na inayotoa amri. Katika milisekunde 20 hivi msuli umeshapata amri, kabla hujamaliza kupepesa jicho. Wajerumani wawili, Wilhelm Erb na Carl Westphal, waliliandika jambo hili mwaka mmoja, 1875, kila mtu kivyake.

Ila mmeona: alipoubana, mguu haukurusha. Kwa hiyo sheha hayuko huru kabisa. Ukipewa kikombe cha kahawa kinachounguza mbele ya wakwe zako, hukitupi; unakishikilia mpaka upate pa kukiweka. Ubongo umeshusha amri: tulia.

Hapa ndipo kazi yangu ya mazoezi ya viungo inapoingia. Niliitwa nyumba moja, mzee kapata kiharusi, miezi michache imepita. Mguu wa upande mmoja hauwezi kuunyanyua. Lakini kila ncha ya mguu ikigusa sakafu, unatetemeka tata-tata-tata, haukomi. Mtoto wake wa kiume akaniambia kwa furaha, "Unarudi huo." Mama mtu akanong'ona kuwa kuna mkono wa mtu. Ilikuwa vigumu kuwaeleza. Mguu haukuwa umepata nguvu. Sauti ya kutoka juu ilikatika, na sheha aliyezoea kuambiwa "tulia" akabaki peke yake, kila akihisi msuli umenyooshwa anatoa amri, tena na tena.

Nilimkalisha mzee kitini, nikaushusha mguu wote chini, kisigino kikagusa sakafu vizuri, nikalikandamiza goti kwa kiganja taratibu. Mtetemo ukapungua, ukakoma. Nikamwita yule kijana aweke mkono wake pale pale nilipoweka wangu.