Kungwi na Hesabu ya Siku

Shikamooni mama zangu. Nanyi vijana mliojibanza nyuma, sogeeni.

Mapenzi ya watoto wa Chikongola na Magomeni, hapa Mtwara, hayajifichi. Yanaanzia kwenye chipsi za jioni, vocha, lifti ya bodaboda kutoka tuisheni. Oktoba minada ya korosho ikifunguliwa, lifti nazo zinaongezeka. Msiwatupie lawama bodaboda peke yao; mvulana wa darasani naye yumo.

Kungwi humfunza mwali usafi, heshima na kuishi na mume. Hesabu ya siku anaigusa juujuu. Mwali anatoka unyagoni akiamini katikati ya mwezi ni salama, kumbe ndiyo kwenye hatari. Yai hutoka kama siku 14 kabla ya hedhi ijayo. Lenyewe halimalizi saa 24, lakini mbegu za kiume huweza kuishi mwilini mwa mwanamke hadi siku 5 zikilisubiri. Na binti wa miaka 15 mwezi huu anazunguka siku 24, unaofuata 38. Atajuaje hedhi ijayo ni lini? Kalenda ya ukutani haimsaidii.

Kondomu nayo ina maadui wake. Kukaliwa kwenye pochi, juani, miezi. Kuvaa mbili, zikasuguana. Na hapa kwetu, mafuta ya nazi: mafuta yoyote hudhoofisha mpira, ukapasuka. Kilainishi kiwe cha maji.

Ikipasuka, zihesabiwe saa 72. Tendo la Ijumaa saa mbili usiku, mwisho ni Jumatatu saa mbili usiku. P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba, imezwe ndani ya muda huo, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Haitoi mimba iliyokwisha kutunga, wala haizuii VVU. Kwa VVU kuna dawa nyingine, nazo mwisho wa kuanza ni saa hizo hizo 72, kisha zinamezwa siku 28 bila kuruka. Nendeni hospitali ya Ligula.

Kinachoharibu ni woga. Binti anamwambia shoga yake, shoga anamkorogea majani ya chai yaliyokolea. Jumatano ndipo mama anajua, anashika fimbo kwanza. Saa zimekwisha.

Akiwa amelazimishwa, asioge. Nguo zitiwe kwenye mfuko wa karatasi. Wa nailoni hutunza unyevu, ushahidi ukaoza. Hospitali, kisha Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Simu 116, ya kusaidia watoto, ni bure.

Makungwi wa unyago wa Desemba, nani ataanza kuuliza?